Diski za SSD hazigongi zikitaka kufa

MSIMU wa korosho unapofunguliwa, ofisi ya chama cha msingi haina mchana wala usiku. Mkulima hufika na magunia yake, mzigo hupimwa, daraja huandikwa, naye huondoka na stakabadhi mkononi. Kuanzia hapo hadi fedha ziingie kwenye akaunti yake benki, kinachomtetea ni maandishi: jina, kilo, daraja, makato na namba ya akaunti.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mwaka 2007 mkoani Mtwara, uliyapa maandishi hayo thamani inayokaribia ya korosho zenyewe. Wakulima wa Lindi na Mtwara waliiona thamani hiyo kwa uchungu msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo. Kabla ya kulipwa, wakulima walihakikiwa ili watofautishwe na wanunuzi wa kangomba, na baadhi yao walisubiri fedha zao hadi mwaka uliofuata.

Zamani maandishi hayo yalikaa kwenye madaftari, ambayo adui zake ni mchwa na unyevu wa masika. Siku hizi yamo kwenye kompyuta, na ndani ya kompyuta yamo kwenye kifaa kidogo kinachoingia mfuko wa shati.

Kifaa hicho kinabadilika. Kompyuta ya ofisi ya kijijini, au ya duka la pembejeo pale Nangurukuru, aghalabu ni ya mtumba. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Mwenye kompyuta asiye na fedha ya kununua nyingine anashauriwa na mafundi kufanya mambo mawili: kuweka mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, ambao hauuzwi, na kung'oa hadi diski ya zamani ili kuweka diski ya SSD. Kompyuta iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwa tayari kabla mtu hajavuta kiti.

Linux si mgeni kabisa nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ndugu yake wa leo, LibreOffice, ndiye anayekuja pamoja na Ubuntu na Mint, na ndimo karani huandika orodha za kilo. Kinachokosekana ni maelezo. Fundi akishalipwa na kupanda bodaboda yake, mwenye kompyuta hubaki na kifaa ambacho hakuambiwa kinatunzwaje.

Kazi isiyohitaji fundi

Hadi diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na sindano inayozisoma. Ikikaribia kufa hugonga, hukwaruza, huchelewa kufungua faili, na mwenye masikio hupata muda wa kuokoa vitu vyake. SSD haina kinachozunguka. Ni kama flashi kubwa yenye akili zaidi, hivyo haisumbuliwi sana na mitikisiko ya njiani. Lakini nyingi hufa kimya: jioni inafanya kazi, asubuhi kompyuta inasema haioni diski yoyote.

Wapo wanaoendelea kuitunza kwa mazoea ya zamani, hasa ile kazi ya kupanga upya vipande vya faili ili diski iwe nyepesi. Kwa hadi diski ilikuwa na maana, kwa sababu ilikuwa sawa na kuyaweka pamoja magunia ya mkulima mmoja ili kuli asizunguke ghala zima kuyatafuta. Ndani ya SSD hakuna kuli anayetembea. Kuipanga upya ni kuichosha bure, na fundi anayetoza fedha kwa kazi hiyo hana sababu ya kulipwa.

Kazi moja tu ya matengenezo ina umuhimu. Mtu anapofuta faili, mfumo huliondoa jina lake kwenye orodha, lakini SSD yenyewe haijui kwamba nafasi ile sasa ni tupu. Ni kama karani aliyefuta jina kwenye daftari la ghala bila kumwambia mtunza ghala kwamba magunia yaondolewe. Baada ya muda mtunza ghala anazidi kuhamisha mizigo isiyo na mwenyewe ili apate pa kuweka mipya, na kompyuta inakuwa nzito. Dawa yake ni kuiarifu diski nafasi zilizo tupu, na Linux hufanya hivyo kwa programu iitwayo fstrim.

Ubuntu na Mint za miaka hii huiendesha programu hiyo zenyewe mara moja kwa wiki, usiku wa kuamkia Jumatatu. Kama kompyuta ilikuwa imezimwa, kazi hufanyika itakapowashwa. Anayetaka kuhakikisha afungue dirisha la amri, aandike systemctl status fstrim.timer, kisha abonyeze Enter. Akiona neno active, hana la kuongeza.

Hapa lakini pana jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye hadi diski, faili lililofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi liliweza kurudishwa na fundi, kwa kuwa maandishi yake yalibaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Kwenye SSD, fstrim ikishapita, diski husafisha nafasi ile na faili halirudi. Kijana wa ofisi akisafisha folda za msimu uliopita leo, akamwaga na pipa la taka, wiki ijayo hata fundi hodari wa Kariakoo hatakuwa na cha kumsaidia.

Inauawa na nini?

Hofu inayosikika zaidi ni kwamba SSD huchakaa kwa kuandikwaandikwa. Ni kweli kila chumba chake kina idadi ya kuandikwa, ila hesabu inatuliza moyo. Diski ya bei nafuu ya gigabaiti 240 inaweza kuwa imekadiriwa na mtengenezaji wake kubeba maandishi ya terabaiti 80. Ofisi inayoandika gigabaiti 10 kila siku, ambazo ni nyingi mno kwa orodha za kilo na barua, itazimaliza baada ya zaidi ya miaka 21. Kwa hiyo zile mbinu za kupunguza maandishi zinazotaka kuhaririwa kwa mafaili ya mfumo, mtu wa kawaida aziache. Anaweza kuharibu mfumo mzima kwa kuokoa kisichohitaji kuokolewa.

Adui wa kweli ni umeme. Diski za bei nafuu hazina akiba ya umeme ya kumalizia kazi iliyoko mkononi. Umeme ukikatika wakati diski inahamisha mizigo yake ya ndani, orodha yake ya nini kiko wapi inaweza kuharibika, na diski isiwake tena. Mfumo wa mafaili wa Linux una uwezo wa kujirekebisha baada ya ajali, lakini hauwezi kuirekebisha diski iliyopoteza dira. LibreOffice nayo, isipobadilishwa, huhifadhi kazi ya dharura kila baada ya dakika 10, na katika dakika hizo karani wa mizani huweza kuwa ameandika wakulima kadhaa.

Ndiyo maana kompyuta mpakato yenye betri nzima ni bora ofisini kuliko ya mezani. Kwa ya mezani, UPS ndogo ya kumpa mtu dakika chache za kuzima kwa utaratibu ina faida kuliko kununua diski ya bei kubwa zaidi. Kubonyeza swichi ya ukutani kwa sababu gari la mwisho linaondoka ni kujitafutia hasara.

Adui wa pili ni diski kujaa. SSD inahitaji nafasi ya kupumulia, na kuiachia asilimia 15 hadi 20 wazi ni tahadhari nzuri. Kwa watumiaji wa Mint, mjazaji mkubwa huwa ni Timeshift, programu inayohifadhi picha za mfumo ili kompyuta irudishwe ilivyokuwa jana. Mtu akiiacha ihifadhi picha nyingi, diski ndogo hujaa. Picha mbili au tatu zinatosha.

Kwa anayetaka kujua afya ya diski yake, Ubuntu na Mint zina programu iitwayo Disks. Ndani yake kuna sehemu ya taarifa za SMART, ambayo kwa diski nyingi huonyesha joto na hali ya jumla. Kuitazama mara moja kabla ya kila msimu kunatosha, ingawa jibu zuri pale si dhamana ya mwaka mzima.

Msimu ukiisha

Ofisi za pwani hii zina tabia yake. Korosho zikiisha, kompyuta hufungiwa kabatini hadi ufuta uanze. Katikati hapo kuna joto, kisha masika, na hewa ya chumvi inayokula chuma. SSD hutunza maandishi kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole diski isipowashwa, hasa kwenye joto. Kiwango cha JEDEC, chombo cha kimataifa cha viwango vya vifaa vya elektroniki, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida iliyokwisha kuchakaa itunze maandishi mwaka mmoja bila umeme katika nyuzijoto 30. Iliyo mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi.

Miezi minne kabatini basi haiui diski nzima. Hata hivyo, kuiwasha kompyuta saa moja au mbili kila mwezi hakugharimu kitu. Kisichofaa ni kuchukua SSD iliyochoka, kuandika juu yake "Korosho 2023" na kuitupia kwenye sanduku kwa miaka mitano chini ya bati.

Kumbukumbu za kukaa zifanyiwe nakala, na hapa ile hadi diski iliyong'olewa inapata kazi. Kama bado ni nzima, inawekwa kwenye kasha la USB na kuwa ghala la akiba. Timeshift isihesabiwe. Kwa kawaida huhifadhi mfumo, siyo nyaraka za mtumiaji, na mwenye kuitegemea atarudishiwa kompyuta safi isiyo na orodha hata moja.

Nakala ichukuliwe kila jioni ya siku ya mizani. Linux ina mtindo wa kuonyesha kwamba kunakili kumekwisha wakati bado inaandika kwa nyuma, hivyo flashi isichomolewe mpaka ibonyezwe alama ya kuitoa na kompyuta iseme tayari. Na kwa kuwa orodha hizo zina majina na akaunti za watu, ambazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, flashi hiyo isiwe ile ile inayopelekwa stendi kujazwa nyimbo.

Nakala moja ilale nje ya ofisi. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilivunja barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mwezi huo huo, Mei 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota nchini. Ofisi ambayo diski yake ingekufa wiki ile, nakala zake zote zikiwa mtandaoni, isingepata diski mpya kutoka Kariakoo wala orodha zake. Kwa hiyo kama kompyuta iko kwa katibu, hadi diski ya akiba ikae kwa mhasibu, na mara moja kwa mwezi ichomekwe kwenye kompyuta nyingine, faili moja lifunguliwe, na kilo za mkulima yeyote zilinganishwe na stakabadhi yake ya karatasi.