Kuusikiliza moyo wa njiti bila kumuumiza

Njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, akizaliwa na wiki 28 za mimba huwa na uzito wa kilo moja hivi, na ngozi yake ni nyembamba mno. Moyo wake hupiga mara 120 hadi 160 kwa dakika, takriban mara mbili ya moyo wa mama yake. Ubongo wake haujakomaa, kwa hiyo husahau kupumua. Pumzi ikikatika kwa sekunde 20, na wakati mwingine hata chini ya hapo, mapigo hupungua na oksijeni mwilini hushuka. Madaktari humpa kafeini, ile ile iliyomo kwenye kahawa na chai, ili kuuchangamsha ubongo. Dawa husaidia sana, ila haimwondolei muuguzi kazi ya kumwangalia mtoto usiku na mchana.

Stetoskopu humweleza muuguzi hali ya dakika ile tu aliyosimama hapo. Mrija mwembamba unaopitishwa kwenye ateri ya kitovu hutoa habari kila sekunde, lakini unaweza kuleta maambukizi au damu kuganda, hivyo huwekwa kwa mtoto aliye mahututi. Kwa wengine hutumika elektrodi za kubandika kifuani, ambazo hunasa umeme wa moyo. Hazitoboi popote, ila si kweli kwamba hazidhuru. Zikibanduliwa, gundi yake inaweza kuondoka na tabaka la juu la ngozi, na ngozi iliyochubuka ni mlango wa vijidudu.

Kifaa kilicholeta nafuu kubwa zaidi kilitoka Japani. Mwaka 1974 mhandisi Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, aligundua namna ya kupima oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga mwilini. Damu yenye oksijeni hunyonya mwanga mwekundu tofauti na damu isiyo nayo, na kwa kuwa kila pigo husukuma damu mpya, kifaa huhesabu mapigo kwa kazi hiyo hiyo moja. Njiti hufungwa kihisi cha kifaa hicho mguuni au mkononi. Udhaifu wake unajulikana: mguu ukipoa au mtoto akirusharusha miguu, namba hupotea. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, uliofanywa kwa watu wazima, ulionyesha pia kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hiki mara nyingi zaidi huonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo. Hospitali zetu hazina budi kulizingatia hilo zinaponunua.

Kipimo chenyewe kinaweza kubadilisha hata kile tunachokiita kawaida. Vipimo vya mwanga vilivyofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2010 vilionyesha mapigo 96 hivi mtoto anapotimiza dakika moja tangu azaliwe. Baadaye, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, watoto waliolia vizuri walipimwa kwa kifaa cha elektrodi kavu ambacho hukumbatia tumbo la mtoto bila gundi na kutoa namba ndani ya sekunde chache. Mapigo yao yalipita 160 ndani ya nusu dakika tangu wazaliwe. Tofauti hiyo si ndogo, kwani mkunga hufundishwa kumsaidia mtoto kupumua mapigo yakiwa chini ya 100.

Namba peke yake haitoshi. Moyo wenye afya haupigi kwa mwendo wa saa ya ukutani. Huongeza kidogo, hupunguza kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waligundua kwamba njiti anapoanza kupata maambukizi ya damu, mabadiliko hayo madogo hufifia na mapigo hushuka ghafla mara kwa mara, saa kadhaa kabla mtoto hajalegea au kukataa maziwa. Wakatengeneza programu ya kusoma mwenendo huo. Katika jaribio lao la mwaka 2011, lililohusu watoto 3,003, vifo vilikuwa asilimia 8.1 kwa watoto ambao madaktari wao walionyeshwa matokeo ya programu hiyo, na asilimia 10.2 kwa wengine. Hawakuongeza waya hata mmoja. Walitumia mapigo yale yale yaliyokuwa yakipita bure kwenye skrini.

Nyaya nazo zina gharama yake. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha mwaka 2021 kwamba njiti akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa asilimia 25. Mtoto aliyezungukwa na nyaya ni vigumu kumtoa kitandani. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Northwestern kilitangaza vihisi viwili laini visivyo na waya wala betri, kimoja cha kifuani na kimoja cha mguuni. Nairobi, Chuo Kikuu cha Aga Khan na washirika wake wamejaribu kwa watoto wachanga vihisi visivyo na waya, pamoja na kihisi kinachowekwa chini ya godoro na kunasa mtikisiko wa moyo na pumzi. Hicho cha chini ya godoro ni kizuri, ila mtoto akihamia kifuani kwa mama hakina kazi. Kwa maoni yangu, kifaa kisichoweza kumfuata njiti hadi kwenye kanga ya mama yake hakistahili kupewa nafasi ya kwanza kwenye bajeti zetu.

Wewe mzazi uliye wodini, kengele ikilia, mtazame mtoto kabla ya kuitazama skrini. Angalia kifua kama kinapanda, na rangi ya midomo na ulimi. Huenda ni kihisi tu kimelegea, lakini mwite muuguzi hata hivyo, na usiizime kengele mwenyewe. Kifua kikiwa kimetulia au ulimi umegeuka buluu, msugue nyayo au mgongo taratibu huku ukimwita muuguzi kwa sauti.