Moshi Huu Watoka Wapi?

Mtu apitaye katika mji mkubwa huvuta kwa pumzi moja moshi wa magari, wa viwanda na wa majiko, pamoja na vumbi la njia. Yote hayo yamechanganyika, wala jicho haliwezi kuyatenga. Kwa hiyo panapozuka suala la nani achafuaye hewa, mwenye kiwanda humlaumu mwenye gari, na mwenye gari humlaumu apikaye kwa kuni, na mtoto akohoaye hana wa kumsemea.

Lakini wanaelimu wa kemia wamegundua ya kuwa moshi mwingi una chapa yake, mfano wa ng'ombe aliyetiwa chapa na mwenyewe: hata akiingia katika kundi la watu wengine, hujulikana. Kuni na mabua yakiungua hutoa kitu cha jamii ya sukari, kiitwacho levoglukosani, ambacho petroli haikitoi kabisa. Chapa iliyo ya ajabu zaidi ni ile ya risasi, na habari yake nataka kuieleza kwa urefu kidogo. Simaanishi risasi ya bunduki, bali madini yenyewe ambayo ile ya bunduki ilipewa jina lake.

Risasi ina atomi za aina nne, zitofautianazo kwa uzito: 204, 206, 207 na 208. Tatu za mwisho huongezeka polepole duniani, kwani madini ya urani na thori hugeuka kuwa risasi kwa muda wa miaka mingi mno. Risasi iliyojitenga zamani katika mwamba wake haikupata nyongeza hiyo. Ndiyo sababu risasi ya Broken Hill, Australia, ambayo umri wake wapita miaka milioni 1,600, ina atomi kama 104 za aina ya 206 kwa kila atomi 100 za aina ya 207. Na ile iliyomo katika makaa ya mawe ya Uingereza ina kama 118. Iyeyushe, ichome, ipitishe katika injini, hesabu hiyo haibadiliki.

Basi tangu miaka ya 1920 risasi ilitiwa katika petroli ili injini zisigonge. Waingereza walitumia sana ile ya Australia, ikatoka kwa moshi katika njia za London, ikavutwa na wakubwa kwa wadogo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa ni salama. Uingereza iliikomesha mwishoni mwa mwaka 1999. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha ilipofika 2006. Na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani kwa petroli ya magari, mwaka 2021. Risasi ya hewani ikapungua sana, na watu wakadhani hesabu imefungwa.

Wataalamu wa Imperial College London hawakuridhika. Walikusanya vumbi la hewa ya mji huo baina ya 2014 na 2018, wakalipima, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba hadi sehemu 40 katika kila 100 za risasi iliyomo yatokana na petroli ile ile ya zamani! Ilikuwa imelala katika udongo na mavumbi ya njia, ikiinuliwa na upepo na magurudumu, ikitua, ikiinuliwa tena. Mtoto aliyezaliwa 2015 alivuta masalio ya moshi wa gari ambalo pengine babu yake aliliuza kabla baba yake hajaoa. Kama si chapa ile, lawama yote ingewaangukia wenye viwanda na magari ya leo.

Kwa hali hiyo, kuziangalia bomba za moshi peke yake hakutoshi. Sehemu ya dawa iko ardhini. Huko New Orleans, Marekani, viwanja vya kuchezea watoto vilifunikwa kwa udongo safi, na risasi ya juu ya ardhi ikapungua mno.