Kupima Pasipo Jiwe la Mpaka: Kompyuta na Upandikizaji wa Meno katika Kinywa Kisicho na Meno

Mkulima wa Ganako, wilayani Karatu, anapotaka kujua shamba lake linaishia wapi, hutafuta kwanza jiwe la mpaka. Jiwe hilo likiwapo, mpima ardhi husimamisha chombo chake na kupima kwa uhakika, hata kama mteremko ni mkali na mahindi yamefunika ardhi yote. Jiwe likiwa limeng'olewa, chombo cha thamani kubwa hakiwezi kumaliza ugomvi wa majirani, kwa maana hakuna tena mahali pasipotikisika pa kuanzia kupima.

Daktari wa meno hukutana na shida ya namna hiyohiyo. Katika kinywa chenye meno machache, meno yaliyobaki humfaa kama mawe ya mpaka: ni magumu, yamesimama imara, na umbali wowote waweza kupimwa kutoka kwayo. Lakini mzee ambaye meno yake yote yametoka amebaki na ufizi tu, nao ufizi ni laini na hubonyea. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyomsaidia daktari kupanda meno mapya katika kinywa cha namna hiyo, ni kwa usahihi wa kiasi gani, na kwa nini hesabu ya makosa ni sehemu ya sayansi yenyewe.

Jino likitoka, mfupa hufuata

Sehemu ya taya inayoshika mizizi ya meno huishi kwa ajili ya meno hayo. Jino linapotafuna, mfupa hupata msukumo, na msukumo huo huufanya ujijenge upya daima. Jino likitoka, msukumo hukoma, na mfupa hupungua kimo na unene mwaka hadi mwaka.

Ushahidi wa jambo hili tunao tangu zama za kale. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, wilayani Ngorongoro, Mary Leakey aligundua fuvu lililopewa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8. Taya lake la juu lina meno, na mfupa unaoyashika ni mnene. Fuvu jingine la zama zinazokaribiana na hizo, lililopatikana Dmanisi katika nchi ya Jojia, ni la kiumbe aliyepoteza karibu meno yote muda mrefu kabla ya kufa: matundu ya mizizi yamezibika na taya limelika. Hali hiyo ndiyo anayoikuta daktari leo kwa mgonjwa aliye kibogoyo. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo mahali pa kutoboa panavyozidi kuwa pembamba.

Madini yanayoshikana na mfupa

Kipandikizi cha jino ni skrubu ndogo ya madini ya titaniamu, ambayo kwa kawaida ina urefu wa milimita 10 hivi na kipenyo cha milimita 4 hivi. Hutiwa ndani ya mfupa wa taya, na juu yake hufungwa jino la bandia. Msingi wa kazi hii uliwekwa na mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark. Katika miaka ya 1950 alikuwa akichunguza mwendo wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vyombo vidogo vya titaniamu. Alipotaka kuvitoa vyombo hivyo, aliona vimeshikana na mfupa kabisa. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza.

Ugumu wa kazi hii ni majirani wa mfupa. Ndani ya taya la chini, upande wa magego, hupita mfereji wenye mshipa wa fahamu unaokwenda mpaka mdomoni na kidevuni. Keekee ikiugusa mshipa huo, mgonjwa aweza kubaki na ganzi ya mdomo kwa miezi, pengine kwa maisha yake yote: chai humwagika asijue, na moto wa chakula hausikii. Juu ya magego ya taya la juu kuna uwazi wenye hewa, ulio jirani na pua, ambao nao haufai kutobolewa ovyo. Tofauti kati ya kazi njema na madhara ya kudumu ni milimita chache tu.

Kuona ndani ya mfupa kabla ya kuukata

Picha ya kawaida ya eksirei huweka vitu vyote juu ya karatasi moja, kama kivuli cha mti kinavyolala chini, unene hauonekani. Mwaka 1956, Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur huko Cape Town. Hapo ndipo alipoanza kutafuta kanuni ya kihisabati ya kukokotoa umbo la ndani ya mwili kutokana na miali iliyopitishwa kutoka pembe nyingi. Nchini Uingereza, Godfrey Hounsfield aliunda mashine ya kufanya kazi hiyo, na mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha jijini London. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikatokea mashine ndogo zaidi kwa ajili ya kichwa na mataya, ambazo hutumia mwali wenye umbo la pia.

Kwa mgonjwa asiye na meno, kazi huendeshwa kwa hatua. Kwanza hutengenezewa meno ya bandia ya kuvaa, yaliyotiwa vialama vidogo vinavyoonekana katika eksirei. Mgonjwa hupigwa picha akiwa ameyavaa. Kisha meno hayo hupigwa picha peke yake. Kompyuta hulinganisha vialama vya picha mbili hizo na kuziunganisha, hata daktari akauona mfupa na mahali meno yatakapokaa kwa wakati mmoja. Hapo huchagua, juu ya kioo cha kompyuta, mahali, kina na pembe ya kila kipandikizi.

Mpango huo hugeuzwa kuwa kitu cha kushikika. Mashine huchapa tabaka juu ya tabaka bamba la plastiki ngumu lenye matundu, na kila tundu huwa na kikuku cha chuma. Bamba hilo, ambalo tutaliita kielekezi, huwekwa kinywani, nayo keekee hupita ndani ya vikuku tu. Mkono wa daktari huongozwa kama gari la moshi linavyoongozwa na reli.

Kosa huingilia wapi?

Ndugu msomaji, mtu aweza kudhani kwamba baada ya kazi yote hiyo kosa limekwisha. La hasha. Mgonjwa aweza kutikisika kidogo anapopigwa picha. Picha yenyewe imejengwa kwa vipande vidogo vyenye ukubwa wake, kama ukuta ulivyojengwa kwa matofali. Vialama vyaweza kulinganishwa kwa kasoro. Plastiki yaweza kujikunja. Keekee lazima iwe nyembamba kuliko kikuku, la sivyo haitazunguka. Basi nayo huchezacheza. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo makosa haya hayajumlishwi kama shilingi, kwa sababu moja laweza kuelekea kushoto na jingine kulia. Ikiwa kila kosa halitegemei jingine, hutumika kanuni inayofanana na ile ya Pythagoras: kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, majibu hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Tuchukue tarakimu za mazoezi tu. Kosa la picha liwe milimita 0.3, la kuchapa kielekezi 0.4, na la kukiweka kielekezi juu ya ufizi 1.2. Vipeo vya pili ni 0.09, 0.16 na 1.44, jumla ni 1.69, na kipeuo chake ni 1.3.

Sasa jaribu kununua mashine bora kupita zote, itakayofuta kabisa makosa mawili ya kwanza. Jibu litashuka kutoka 1.3 hadi 1.2 tu. Gharama ni kubwa na faida ni ndogo. Lakini ukilipunguza kosa la ufizi kutoka 1.2 hadi 0.6, jumla itashuka hadi 0.8 hivi. Kosa kubwa ndilo linalotawala, na katika kinywa kisicho na meno mara nyingi kosa hilo ni la kielekezi kukosa pa kushika. Kwa hiyo madaktari hukifunga kielekezi kwa pini zinazoingia katika mfupa, baada ya mgonjwa kukiuma mahali pake sawasawa. Pini hizo ni mawe ya mpaka yaliyowekwa upya.

Vipimo vinasema nini

Mwaka 2018 Tahmaseb na wenzake walikusanya matokeo ya uchunguzi 20 uliofanywa kwa wagonjwa, wenye vipandikizi 2,238 kwa watu 471. Walilinganisha mahali palipopangwa na mahali kipandikizi kilipokaa kweli. Kwa wastani kosa lilikuwa milimita 1.2 mahali pa kuingilia, milimita 1.4 kwenye ncha ya ndani, na pembe ya nyuzi 3.5. Matokeo yalikuwa mazuri zaidi kwa wagonjwa wenye baadhi ya meno kuliko kwa wale wasio na jino hata moja. Wakashauri pawekwe nafasi ya usalama isiyopungua milimita 2.

Nyuzi 3.5 si nyingi kwa macho. Lakini mwanafunzi mwenye jedwali la trigonometria ataona kwamba, kwa kipandikizi cha milimita 10, ncha husogea kando kwa milimita 0.6 kwa sababu ya pembe hiyo peke yake. Tena, wastani si kosa kubwa kuliko yote. Mto wenye kina cha wastani cha mita moja waweza kumzamisha mtu. Mgonjwa hapatwi na wastani. Hupatwa na kosa lake mwenyewe.

Jaribio la darasani

Chukua kipande cha ubao, ukipige misumari mitatu pembeni, isimame kama meno. Weka alama tano juu ya ubao. Tengeneza kielekezi cha ubao mwembamba kinachokaa barabara kati ya misumari, ukitoboe matundu matano yaliyo sawa na alama. Toboa kwa msumari mwembamba kupitia matundu hayo, kisha pima kila tundu liko mbali kiasi gani na alama yake. Sasa ng'oa misumari, funika ubao kwa kipande cha sponji, weka kielekezi juu yake kwa kukisia, urudie kazi. Andika wastani na kosa kubwa kabisa kwa kila hali. Mwalimu awaulize wanafunzi: je, ni chombo kilichobadilika, au ni mahali pa kuanzia kupima?

Usahihi unaotosha

Usahihi unaohitajika hutegemea mahali pa kazi. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walikubaliana kwamba kwa mtu asiye na meno ya chini, vipandikizi viwili vinavyoshikilia meno ya kuvaa viwe chaguo la kwanza. Viwili hivyo hupandwa mbele, mahali ambapo ule mfereji wa mshipa wa fahamu umekwisha kutoka nje ya mfupa, na kwa hiyo milimita moja haina hatari kama ile ya upande wa magego. Kwa nchi ambayo wagonjwa wengi humfikia daktari jino likiwa limekwisha kuharibika, na kung'oa ndiyo tiba ya kawaida, fikira hiyo ina uzito. Kuchagua mahali penye usalama kwaweza kufaa kuliko kununua mashine ya bei kubwa.

Mashine za namna hii zitazidi kusambaa. Siku mzee wa Ganako atakapoambiwa kwamba kompyuta itampandia meno, inafaa awepo mjukuu aliyesoma sayansi, naye amwulize daktari maswali mawili kwa heshima: kosa la kifaa hiki ni milimita ngapi, na kati ya kipandikizi na mshipa wa fahamu mmeacha milimita ngapi? Daktari mzuri atafurahi kuulizwa. Na mjukuu mwenyewe asisahau kupiga mswaki asubuhi na usiku, kwa kuwa hakuna kipimo kinachoshinda jino lililobaki mahali pake.