Bi Mkubwa wa Shela na Mlio wa Modemu

Masika ya mwaka 2000 ndiyo yalikuwa yameanza nilipopiga hodi nyumbani kwa bi mkubwa mmoja mtaa wa Shela, hapa Malindi. Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Muscat alikuwa amemtumia kompyuta ili waandikiane barua pepe, maana simu ya ng'ambo ilikuwa ikimmalizia mshahara. Nikaikuta kompyuta hiyo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Mafundi wawili walikuwa wamenitangulia, na hawakufanikiwa.

"Baba," akaniambia kabla sijafungua mkoba, "mimi sitaki kutengenezewa tu. Nataka nijue mwenyewe."

Miaka hiyo nilikuwa nikizunguka mitaani kwa baiskeli, kuanzia Maweni hadi Casuarina, na mara nyingine napanda matatu hadi Kilifi. Mkobani nilibeba bisibisi, diski ya Windows 98, waya wa simu, na mkono wa simu wa kawaida. Huo mkono wa simu ndio uliokuwa chombo changu cha thamani kuliko vyote.

Intaneti ilikuwa imeingia Kenya katikati ya miaka ya 1990. Kampuni ya Africa Online ilianzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Mwaka 1998 shirika la posta na simu likafungua Jambonet, lango la nchi nzima la kwenda mitandao ya ng'ambo. Lakini mtu wa Malindi alifika kwenye lango hilo kwa njia moja tu: kupiga simu. Kompyuta husema kwa tarakimu, na waya wa simu uliwekwa ubebe sauti ya binadamu. Modemu hukaa katikati kama mkalimani. Huzigeuza tarakimu kuwa sauti, na modemu ya upande wa pili huzirudisha kuwa tarakimu. Nambari ya kampuni ikiwa ya mji wa mbali, kila dakika ya kusoma barua ililipiwa kama simu ya mbali.

Taabu kubwa ilikuwa ni maswali ya kompyuta wakati wa kuiunganisha. Kompyuta za Windows 95 zilimtaka mwenye nyumba aongeze mwenyewe programu ya kuzungumza na mtandao, kisha aandike kwa mkono anwani za seva zenye tarakimu na nukta nyingi. Kosea nukta moja, simu itashika vizuri lakini hakuna ukurasa utakaofunguka. Windows 98 ilipunguza mzigo huo kwa kumwongoza mtu hatua kwa hatua, na baadaye seva za kampuni zikawa zinazileta anwani hizo zenyewe simu inaposhika. Hata hivyo maswali yalibaki kwa Kiingereza, na mengine hata mwalimu wa Kiingereza hakuwa na jibu lake.

Mlio wa modemu, kwa upande mwingine, haukuwa na lugha. Nikamwambia bi mkubwa asitazame kioo, asikilize. Kwanza husikika muungurumo wa laini, ule ule unaousikia ukiinua simu. Halafu tarakimu zinabonyezwa haraka haraka. Halafu simu inaita kule. Ikiitikiwa, husikika filimbi moja ndefu, kisha mkwaruzo kama mvua juu ya mabati: modemu mbili zinapimana, zijue waya unaweza kubeba mwendo gani. Halafu kimya.

"Kimya? Si imekatika?"

"La, bi mkubwa. Hapo ndipo imeshika."

Lakini yake ilikuwa haifiki hata kwenye tarakimu. Kioo kiliandika kosa namba 680, yaani laini haina mlio. Nikachomeka mkono wangu wa simu kwenye soketi ile ile. Laini ikaunguruma sawasawa. Basi waya ulikuwa mzima. Modemu hiyo ilikuwa imezoea mlio wa nchi nyingine na haikuutambua wa kwetu. Katika mipangilio yake palikuwa na alama ndogo ya kuiamuru isubiri mlio kabla ya kupiga. Nikaiondoa alama hiyo. Ikapiga.

Kisha tukaandika karatasi ya Kiswahili, maneno yake na mkono wake, tukaibandika ukutani. Isipounguruma, usiguse kompyuta, inua simu kwanza. Ikibonyeza tarakimu na muungurumo haukatiki, mitambo ya simu ni ya zamani, basi ibadilishe ipige kwa kugonga kama simu ya kuzungusha. Ikikwaruza kisha ikaandika 691, waya hauna neno. Ni jina au neno la siri limekosewa, tazama herufi kubwa na ndogo. Na radi ikisikika, chomoa waya wa umeme na wa simu pia. Huu wa simu wengi waliusahau, na masika yale nilizika modemu nyingi zilizoungua kupitia waya huo.

Pwani ina maadui wake wengine. Hewa ya chumvi huipaka shaba kutu ya kijani, na mara kwa mara nilifungua soketi nikakuta sisimizi wamehamia. Laini ya namna hiyo mtu anaongea nayo bila shida, lakini modemu hushuka mwendo hadi picha ya kilobaiti 500 ichukue dakika mbili na zaidi. Bi mkubwa aliisubiri picha ya mjukuu wake ikishuka mstari kwa mstari, nywele kwanza, kisha paji, macho, na hakuondoka kitini.

Leo kebo ya baharini ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, imebadilisha mambo, na watu wananunua bando kwa simu ya mkononi. Nafurahi. Ila simu ikiandika tu kwamba hakuna mtandao, hainipi hata mlio mmoja wa kunionyesha tatizo liko wapi, na hilo naliona ni upungufu wa kweli.

Mwaka 2001 jirani mmoja wa Barani aliniita kwa kompyuta iliyokataa kupiga. Nilipofika na mkoba wangu, nikaambiwa kazi imekwisha. Bi mkubwa wa Shela alikuwa amepita asubuhi na karatasi yake, akainua simu, akasikiliza, kisha akaiondoa ile alama ndogo.