Maji Meupe Bado Si Maji Salama



Mvua za kwanza zikinyesha hapa Urambo, malambo na visima vya wazi hujaa maji ya tope. Tufanyeje?

Kwanza, tuyatulize. Mchanga ni mzito, huzama kwa dakika chache. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na husukumana, hivyo huelea siku nyingi. Mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa huzikusanya zikawa nzito, zikazama. Mbegu mbili zatosha lita moja: tukoroge haraka dakika moja, kisha polepole dakika tano, tuyaache saa mbili.

Pili, tuchuje. Tumimine taratibu, tusitibue mashapo, kupitia kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne.

Tatu, tuchemshe. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Maji yakishakuwa meupe, tunamnywesha mtoto. Lakini vijidudu vya kuhara na kipindupindu hupenya kitambaa, wala havionekani kwa macho. Maji yatokote dakika moja kamili, kisha yafunikwe. Anayetumia dawa ya klorini naye atulize na kuchuja kwanza, maana tope huipunguza nguvu.

Mwisho, sisi wakulima wa tumbaku: madumu ya dawa za shamba tusichotee maji kamwe, hata tukiyaosha. Kuchuja na kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Maji ni zawadi ya Mungu. Tumpe mtoto yaliyo salama.