Chumba kidogo cha pwani: anza na upepo, samani baadaye

Kama una chumba kimoja au viwili karibu na bahari, iwe Pangani, Bagamoyo au Kilwa, na unataka pawe mahali pa kupumzikia mwisho wa wiki, usikimbilie kununua samani. Anza na upepo.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kisha kusi hushika zamu. Madirisha yanayotazamana huupitisha upepo ndani, ukalala bila feni. Kabati kubwa likiziba dirisha, chumba hugeuka tanuri.

Adui wa pili ni chumvi. Hewa ya bahari hula bawaba, misumari na vitanda vya chuma. Kitanda cha mbao cha kamba, mkeka na sanduku la nguo vinatosha. Vitu vichache, nafasi kubwa, akili inatulia.

Kama ndiyo kwanza unajenga, usitumie mchanga wa ufukweni. Chumvi yake huozesha nondo. Na pima kwanza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nyumba ya mapumziko isije ikakunyima usingizi.