Helmeti Yako: Jinsi ya Kuichagua na Kuilinda Dhidi ya Wezi

Simama asubuhi kwenye steji yoyote ya bodaboda katika Kaunti ya Kilifi, iwe ni Mtwapa, Kaloleni au mjini Malindi, na utaona helmeti ambazo haziwezi kumsaidia mtu. Moja imepasuka ubavuni na kuzibwa kwa selotepu. Nyingine haina mkanda. Nyingine ni kofia ya mjengo, ile ya manjano wanayovaa mafundi, iliyotundikwa kwenye kioo cha pembeni ili polisi akiiona aridhike. Ukimuuliza mwenyewe kwa nini hanunui helmeti nzuri, mara nyingi hatakwambia kwamba hana pesa. Atakwambia, "Nilikuwa nayo. Iliibwa."

Jibu hilo si la kupuuzwa. Mtu akishaibiwa helmeti ya maelfu ya shilingi mara moja au mbili, hununua ile ambayo hata ikipotea haitamuuma. Shida ni kwamba helmeti ya namna hiyo ndiyo humwangusha siku ya ajali. Kwa hivyo ni vigumu kumshauri mwendeshaji anunue helmeti bora bila kumweleza pia jinsi ya kukaa nayo, na makala haya yanagusa yote mawili.

Kwanza sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 103B, inawataka mwendeshaji na abiria wake kuvaa helmeti na jaketi inayoakisi mwanga, na inaruhusu abiria mmoja tu. Maana yake ni kwamba mhudumu wa bodaboda anahitaji helmeti mbili, wala si moja nzuri ya kwake na kibuyu cha abiria. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kuvaa helmeti ipasavyo hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa zaidi ya mara 6, na hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Neno la kuzingatia hapo ni "ipasavyo".

Kinachokuokoa kiko ndani

Wengi hununua helmeti kwa kutazama ganda la nje: rangi, michoro, kioo cheusi. Ganda lina kazi yake, kwani huzuia vitu vyenye ncha na husambaza kishindo. Lakini kazi kubwa hufanywa na povu gumu lililo kati ya ganda na sponji laini. Ni povu la aina ileile ya masanduku meupe ambayo wauza samaki huhifadhia barafu.

Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama ghafla, lakini ubongo ulio ndani yake huendelea kwenda na kujigonga. Povu gumu hukubali kupondeka, na katika kupondeka huko kichwa hupata muda kidogo zaidi wa kusimama. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini ndio unaotenganisha mtu anayeamka akijipangusa vumbi na mtu anayebebwa kwenye machela. Povu likishapondeka halirudi. Ndiyo sababu helmeti iliyokwisha kupata ajali, hata kama kwa nje haina mkwaruzo, imemaliza kazi yake na haifai kuvaliwa tena.

Basi ukiwa dukani, sogeza sponji kando na uguse kilicho chini yake. Ukikuta povu gumu la kutosha juu, nyuma na kwenye pande zote mbili karibu na masikio, uko mahali pazuri. Ukikuta sponji kisha plastiki tupu, irudishe juu ya meza ya muuzaji. Hiyo ni kofia ya kuzuia jua. Kofia ya mjengo nayo imetengenezwa kwa ajili ya vitu vinavyoanguka kutoka juu, kama jiwe au kipande cha mbao. Haikutengenezwa kwa kichwa kinachopiga barabara kwa ubavu, na mara nyingi huruka kabla ya mwenyewe kufika chini.

Helmeti inayofunika uso mzima hulinda pia taya na kidevu, sehemu ambazo huumia sana mtu anapoanguka kifudifudi. Wenye kuendesha katika joto letu la pwani huilalamikia, na tunawaelewa. Tafuta yenye matundu ya hewa na sponji inayotoka ili kufuliwa. Kama huwezi kabisa kuvumilia, helmeti ya uso wazi yenye povu zuri na mkanda imara ni bora mara nyingi kuliko ya uso mzima iliyoachwa juu ya tangi la mafuta.

Kuhusu rangi, chagua nyeupe au nyingine iliyokolea mwanga. Utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba waendeshaji waliovaa helmeti nyeupe walikuwa na hatari ya ajali iliyo chini kwa asilimia 24 wakilinganishwa na waliovaa nyeusi. Anayetoka Kilifi kwenda Malindi magari yanapowasha taa jioni hahitaji kuelezwa zaidi.

Kipimo cha kichwa

Chukua futi ya fundi wa nguo, izungushe kichwani kiasi cha vidole viwili juu ya nyusi, ipite sehemu ya nyuma iliyotokeza zaidi. Kwa kawaida sentimita 55 hadi 56 ni saizi S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, na 61 hadi 62 ni XL, ingawa kila mtengenezaji ana vipimo vyake, hivyo soma karatasi iliyo ndani. Halafu ivae. Helmeti mpya inapaswa kubana mashavu kidogo bila kuumiza paji la uso. Ishike kwa mikono miwili uizungushe kushoto na kulia: ngozi ya uso ifuate. Ikizunguka peke yake, ni kubwa. Mwisho, funga mkanda, inamisha kichwa, na umwombe mwenzako aivute kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikitoka, itatoka barabarani pia. Mkanda uliofungwa vizuri huruhusu vidole viwili tu kupita chini ya kidevu.

Muuzaji akikukataza kuijaribu, nenda kwa mwingine.

Tazama pia alama. KEBS, shirika linalokadiria ubora wa bidhaa nchini, lina kiwango cha helmeti za pikipiki kiitwacho KS 77. Bidhaa inayotengenezwa nchini yenye alama ya ubora huwa na nambari ya kibali, na unaweza kuihakiki kwa simu: andika SM, kisha alama ya #, kisha nambari hiyo, utume kwa 20023. Helmeti nyingi za kutoka nje huwa na herufi E ndani ya duara kwenye kitambaa kilichoshonwa mkandani, pamoja na nambari ya idhini inayoanza na 05 au 06. Kibandiko cha karatasi kilichobandikwa nyuma ya ganda pekee kisikutie imani, kwa kuwa mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuvichapisha mia moja.

Abiria na helmeti ya kila mtu

Abiria wengi hukataa helmeti kwa sababu moja ambayo wahudumu hawapendi kuisikia: inanuka. Imevaliwa na watu ishirini tangu asubuhi, na mwenye nywele zilizosukwa anaogopa mba na chawa. Mhudumu anaweza kumaliza ubishi huo kwa kufua sponji kwa sabuni ya kawaida kila wiki na kuianika kivulini. Abiria naye anaweza kubeba kitambaa chepesi cha kuvaa ndani. Mtandio mwembamba hauna shida, mradi fundo au pini isikae chini ya helmeti, kwa kuwa hunyanyua helmeti na inaweza kuumiza kichwa chenyewe. Anayepanda boda kila siku kwenda kazini au sokoni afikirie kununua helmeti yake mwenyewe, ya kipimo chake.

Wezi huzipata wapi

Helmeti haiibwi kwa ujasiri. Huibwa kwa sababu iko wazi, ni nyepesi, na mtu aliyeishika mkononi haonekani kuwa mwizi. Anaonekana kama mwenye pikipiki. Huondoka nje ya hospitali, sokoni, kwenye msiba, nje ya msikiti au kanisa, na hasa nje ya duka la M-Pesa ambako mwenyewe alisema "naingia dakika moja". Karibu kila mara ilikuwa imetundikwa kwenye kioo cha pembeni. Kuitundika hapo kuna hasara nyingine: mti wa kioo huchimba povu la ndani polepole, na baada ya miezi kadhaa helmeti yako ina shimo usilolijua.

Kinga ya kwanza haina gharama: ingia nayo. Ipitishe mkononi mpaka kwenye kiwiko kama mama anavyobeba kikapu. Walinzi wa benki na baadhi ya ofisi watakutaka uivue kichwani, na wana haki, lakini hilo halikuzuii kuibeba.

Pale ambapo huwezi kuibeba, ifunge. Baadhi ya pikipiki zina kufuli ndogo ya helmeti karibu na kiti, inayofunguliwa kwa ufunguo wa pikipiki yenyewe. Wengi wameendesha miaka bila kujua ipo. Kama yako haina, nunua waya wa chuma uliovikwa plastiki, wa aina inayotumiwa kufungia baiskeli.

Kosa la kawaida ni kufunga kwa kupitisha waya au kufuli kwenye mkanda wa kidevuni. Mkanda ni kitambaa. Mwizi mwenye wembe huukata na kuondoka, na kuanzia hapo helmeti hiyo haimfai mtu yeyote, wewe wala atakayeinunua. Kama helmeti yako ni ya uso mzima, pitisha waya kutokea shingoni hadi kwenye nafasi ya uso, uzunguke sehemu ya kidevu, halafu uufunge kwenye fremu au kwenye chuma kilicho nyuma ya kiti. Kuiba hapo kunahitaji kukata chuma au kuvunja helmeti yenyewe, na mwizi wa helmeti hana muda huo. Helmeti ya uso wazi haina sehemu ya kidevu, kwa hivyo hiyo ibebe tu. Hakikisha pia haining'inii kwenye bomba la moshi, maana joto huyeyusha povu.

Alama husaidia kuliko watu wanavyodhani. Mwizi hutaka helmeti isiyo na mwenyewe. Andika nambari ya usajili ya pikipiki kwa kalamu isiyofutika kwenye kitambaa cha sponji na kwenye lebo ya mkanda, na ubandike vibandiko vinavyoakisi mwanga nje kwa mpangilio wako. Usipake ganda rangi ya dukani wala kulifuta kwa thina au petroli, kwa kuwa hudhoofisha plastiki bila kuonyesha dalili. Piga picha ya helmeti, ndani na nje. Wahudumu wa steji moja wakikubaliana rangi moja ya vibandiko, helmeti ya steji yao ikionekana kwa mgeni itatambulika mara moja.

Ile ya bei ya kutupa

Wizi huu unaendelea kwa sababu kuna wanunuzi. Mtu akikuletea helmeti ya kampuni kubwa kwa mia chache, bila risiti, tazama mkanda. Ukiuona umeshonwa upya au umefungwa fundo, umeshajua ilikotoka. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 322, inampa anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo, kifungo cha hadi miaka 14. Hata kama ingekuwa halali, hujui iliangushwa mara ngapi wala kama ilikuwa kichwani mwa mtu siku ya ajali. Povu lililopondeka halionekani kwa nje.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine asiyeiba: chumvi na jua. Vifungo na pete za chuma huota kutu upesi karibu na bahari, na mkanda unaokwama ndio mtu huacha kuufunga. Pangusa chuma kwa kitambaa chenye maji safi, ukaushe. Usiku iweke ndani ya nyumba, mbali na jeri kani la petroli na dirisha la jua. Watengenezaji wengi hushauri kubadilisha helmeti baada ya miaka 5 hivi, na kwa anayeishinda juani kutwa nzima, asingoje zaidi. Na kabla ya kuivaa asubuhi, ikung'ute. Nyigu hupenda mahali pa giza.

Ikiibwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na picha na risiti, uandikishe na upewe nambari ya OB, kisha uwajulishe viongozi wa steji siku hiyohiyo kabla haijauzwa steji ya pili. Ikipatikana, usiivae hapohapo. Kagua povu lote kwa kidole, kisha mkanda. Mkanda uliokatwa haushonwi na fundi viatu. Kama mtengenezaji hana wa kubadilisha, ikate vipande kabla ya kuitupa, asije mwingine akaiokota.